Kamera ya Nyuma na Wageni wa Ogembo

Mpaka leo nikipita soko la Nyakoe na baiskeli yangu, kuna mama mmoja muuza parachichi ambaye akiniona tu anajifunika mdomo kwa leso, mabega yanaanza kumtikisika, na mimi najifanya naangalia cheni. Hakuwepo siku yenyewe, wala si wa ukoo wetu, lakini habari ilimfikia kama ilivyowafikia wengine wote, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia kwa njia yake (wapo walioongeza kwamba nilitumbukia mtaroni, huo ni uongo mtupu), nimeona heri niisimulie mwenyewe, ili angalau niaibike kwa yale niliyoyafanya kweli.

Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu. Baba yetu alikuwa akisafirisha mikungu ya ndizi kwa baiskeli hadi Kisii mjini, na asubuhi moja, akiwa anapanda mlima na mzigo wake, lori lilimgonga kutoka nyuma. Dereva alisema hakumwona. Baba naye hangeweza kumwona dereva, maana mtu aliyebeba ndizi kwenye keria nyuma yake anaona ndizi tu. Mama aliugua, akamfuata kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi. Mimi nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, fundi akainyoosha ile baiskeli nyeusi ya Baba, nikaanza kubeba ndizi. Nimembeba nayo Momanyi, mdogo wangu, mpaka akafika chuo cha ufundi. Nimembeba nayo Kwamboka, kitinda mimba wetu, mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Nasema nimewabeba na sitanii, kuna miaka ambayo wote wawili walikaa juu ya mkungu mmoja asubuhi, mmoja akiwa ameshika koti langu na mwingine ameshika mwenzake, tukiteremka kwenda shule huku Kwamboka akipiga kelele "Gari, Kaka, gari!" hata kama ni punda. Huyo ndiye alikuwa kioo changu cha kwanza. Nikikumbuka sauti yake wakati huo, nyembamba kama filimbi, mpaka sasa nasogea kando ya barabara.

Walipokua wakahama kwenye mkungu, wakaanza kuniandama. Kila wakati, Kaka, weka kitu cha kukuonyesha nyuma. Momanyi akaniletea kioo cha pikipiki, akakifunga kwenye usukani. Nikapakia ndizi, nikaangalia: ndizi. Nikakipinda huku: ndizi. Nikakipinda kule: sikio langu. Akakirefusha kwa chuma, kikatokeza upande kama mkono wa mtu anayeomba, na kweli nikaanza kuona barabara, lakini siku ya pili tu kilimvua kofia mzee mmoja aliyekuwa amesimama akingojea maziwa yake yapimwe, na wiki iliyofuata wakaanza kuniita "Bwana Harusi", eti najitazama njiani. Isitoshe, kioo kile kilikuwa cha kudanganya, gari ukiliona mle liko mbali kama liko Keroka, kumbe liko mgongoni pako.

Ndipo Momanyi akaja na jambo la simu. Alichukua simu ya zamani ya Kwamboka, ile iliyopasuka kioo lakini kamera yake nzima, akaifunga chini ya keria kwa mpira wa tairi, ikiangalia nyuma. Simu yangu akaifunga kwenye usukani, ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki kwa ajili ya mvua zetu hizi. Ya nyuma inapiga video kwa ya mbele, basi, ninaona kila kinachonifuata, lori, ng'ombe, hata vumbi langu mwenyewe. Kulikuwa na kasoro moja, simu mbili zikiwa karibu hivyo zinapigiana yowe kama nguruwe aliyekamatwa, kwa hiyo akanifundisha kuzima sauti ya ile ya mbele. Naomba mkumbuke hapo. Simu ya nyuma inasikia kila kitu, ya mbele imefungwa mdomo.

Niseme ukweli, nilikipenda kifaa kile. Kwa mara ya kwanza tangu nirithi baiskeli, nilipanda mlima bila shingo kukaza.

Sasa, Kwamboka akapata mchumba, kijana mtulivu kutoka upande wa Ogembo, na watu wake wakapanga kuja kwetu kujitambulisha rasmi. Mjue kwamba huyu dada yangu alikuwa amekataa wachumba wengine kabla ya huyo, na sababu ilikuwa mimi. "Nikienda, Kaka utabaki na nani?" Nikamwambia, tena kwa kuapa, kwamba nimechoka na kelele zake, ninahesabu siku za kupumzika, aende zake nipate kulala mchana. Alinitazama sana, lakini aliniamini. Na mimi ndiye ningekaa kiti cha Baba siku hiyo, niseme kwa niaba ya nyumba, maana baba zetu wadogo walishatangulia. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba watu wa Ogembo wataona hawa ni yatima, hapa hapana mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe umeme ukapotea, na unga wa wimbi wa wageni ulikuwa haujasagwa. Unajua kwetu mgeni wa heshima hapewi obokima, yaani ugali, wa mahindi meupe nawe ukapata usingizi. Shangazi Bosibori, dada yake Baba, aliyekuwa ameshika uongozi wa jikoni tangu jana yake, akasema nitume mtu wa pikipiki aende ile mashine ya dizeli kule barabara ya lami. Nikasema hapana, nitaenda mwenyewe na baiskeli, nitarudi kabla hamjamenya ndizi. (Kiburi hicho. Mtu wa pikipiki angeenda na kurudi, na mimi leo ningekuwa napita sokoni kichwa juu.)

Kwenda kulikuwa kwema. Wimbi likasagwa, mimi nikasaidia kufunga gunia, nikalikaza kwenye keria, kisha nikainama kuwasha kamera na vidole vyangu vyote vimejaa unga. Nikabonyeza, ikakataa. Nikapangusa kwa mkono wa shati, nikabonyeza tena. Simu yangu ya mbele ikaita, nikapokea, nikaona barabara ya nyuma kama kawaida, na chini yake nikaona vipicha vidogo vidogo vya watu vikitokeza kimoja kimoja. Plastiki ilikuwa na ukungu, nikasema haya ni matangazo ya biashara, siku hizi hata video zina matangazo. Nikaanza safari.

Yale hayakuwa matangazo. Simu ya nyuma bado ilikuwa na laini ya Kwamboka ya zamani, na badala ya kunipigia mimi, vidole vyangu vya unga vilikuwa vimelipigia kundi la simuni la maandalizi, lile tulimowaweka watu wa kwetu wote pamoja na wakwe wote wa Ogembo.

Basi nikapanda. Asubuhi ilikuwa nzuri, chai imekaa kijani pande zote mbili, barabara imeoshwa na mvua ya jana, na moyo wangu ukanirudisha nyuma sana, mpaka Desemba ile niliyotahiriwa, tulipokuwa tunarudishwa nyumbani na Baba yuko nyuma yangu anaimba esimbore kwa sauti ambayo sikujua anayo. Sasa kama wewe si mtu wa kwetu nikueleze kidogo: esimbore ni wimbo wa wanaume wanaowarudisha vijana kutoka jandoni, na maneno yake hayana nguo. Una siku yake na watu wake. Kwa sababu sisi tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, mambo ya mwili hayatajwi mbele ya shangazi, mbele ya binti, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa, heri ufe. Na mimi, nikiwa peke yangu na barabara yangu, niliuimba wimbo ule wote. Kwa sauti ya Baba. Beti zote. Kuna ubeti mmoja niliurudia kwa sababu niliuharibu mara ya kwanza.

Nilipochoka kuimba nikaanza kufanya mazoezi ya hotuba. "Wageni wetu kutoka Ogembo, karibuni katika boma hili, jisikieni nyumbani." Hapo vizuri. Lakini hotuba haiwezi kwenda bila mtu wa kuijibu, kwa hiyo nikajijibu mwenyewe kama Mzee Ombati, baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye msemaji wao na ambaye, Mungu anisamehe, anaongea kwa pua. "Nnnashukuru sana, nnnimeona nnng'ombe wenu wazuri." Nikacheka mwenyewe mpaka baiskeli ikayumba. Nikamfanya Mzee Ombati aombe nyama zaidi. Nikamfanya akohoe.

Ndipo nikaona kwenye simu gari jeupe nyuma yangu. Likapiga honi mara moja. Ukingo wa lami pale umeliwa na maji, siwezi kukaa pembeni na gunia, kwa hiyo nikabaki katikati nikamwongelesha dereva, si kwa kumfikia, ni kwa kujifariji tu. "Wewe mwenye gari jeupe! Mnakimbilia chakula kwa nani asubuhi yote hii? Huko mnakokwenda hawajapika!" Gari halikupita. Tukafika mahali penye nafasi, nikalipungia mkono lipite, halikupita, linanifuata polepole kama ng'ombe anayefuata mtu mwenye chumvi. Nikasema, ona mtu huyu, ana magurudumu manne na anaogopa mlima.

Pale panapokaza zaidi nikashuka, nikaanza kusukuma. Ni pale pale alipogongwa Baba. Huwa sipiti hapo bila kusema naye, ni mazoea yangu, wala sioni haya kuyasema sasa maana mmeshajua mengine yote. Nikamwambia, "Baba, leo wanakuja. Huyu ndiye wa mwisho. Momanyi alienda, sikusema kitu, kwa sababu Kwamboka alikuwepo. Sasa jioni nitarudi na ndizi nimpe nani achague? Nimemwambia nataka kulala mchana. Mimi nilale mchana wapi? Baba, nikwambie ukweli, tangu alfajiri naomba gari la hawa watu liharibike hukohuko Ogembo."

Nikapenga kamasi, nikasukuma.

Nilipokata kona ya udongo kuingia njia ya kwetu, gari jeupe nalo likakata. Nikasimama kando kwenye nyasi, likaja taratibu, likasimama ubavuni mwangu, kioo cha dirisha kikashuka, na sauti ya puani ikasema, "Bwana Makori, endelea tu. Tunakufuata, njia yenyewe hatuijui."

Mkononi Mzee Ombati alikuwa ameshika simu. Ndani ya simu hiyo niliona nyasi, tope, na pua ya gari jeupe. Nikageuka nikaangalia keria yangu. Nikaangalia tena simu yake. Nyuma yake gari lilikuwa limejaa watu, na wote, hadi mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa, walikuwa wanaangalia paa la gari kwa ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Mzee," nikasema, "mmenifuata kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye ule wimbo," akasema. "Dereva alitaka kukupita. Nikamwambia asikupite, tusikie mwisho."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka Momanyi amesimama langoni anarusha mikono kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama, na Shangazi Bosibori anatoka jikoni na mwiko. "Zima! Makori, zima hiyo kitu! Umetuvua nguo wote!" Simu ya Momanyi ilikuwa imeunganishwa na spika ya muziki tangu asubuhi kwa ajili ya nyimbo za kuwapokea wageni. Kwa hiyo boma zima lilinisikia, majirani wakiwemo. Wazee walikuwa wamekaa wakiangalia viatu vyao. Shangazi akaniambia hapohapo kwamba nimevunja chinsoni mbele ya wakwe, na kwamba jogoo wangu mwekundu, niliyekuwa namwekea Krismasi, anakwenda kwenye sufuria kufuta maneno yale. Sikubisha. Hata jogoo mwenyewe hakubisha sana.

Lakini Kwamboka hakuwa hapo. Momanyi akanionyesha kwa kidevu upande wa jikoni.

Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, ameshavua ile nguo ya kitenge, amevaa sketi yake ya kuchuma chai.

"Siendi," akasema.

"Kwamboka, wageni wako mlangoni."

"Wape chai warudi. Wewe uliapa, Kaka. Uliapa kwamba unataka nitoke."

"Nilikuwa naongea na Baba. Sikuwa naongea na wewe."

"Na Baba alikujibu nini?"

Nilisimama na unga mwilini kama mtu aliyefufuka, nikasema ukweli, kwamba Baba hajawahi kunijibu hata siku moja.

"Basi mimi ndiye nimekujibu," akasema, akaanza kumenya ndizi ambazo zilikuwa zimeshamenywa.

Kutoka sebuleni wakatuma mtu kuniita. Nikaenda nikakaa kiti cha Baba bila hata kubadili shati. Mzee Ombati akasimama. Akasema, "Sisi tulikuwa na hotuba. Lakini Bwana Makori ameshaitoa yake njiani, na yangu akanitolea, tena kwa sauti yangu." Watu walikuwa wamejizuia muda mrefu mno. Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya kuku wakimbie, yule mama wa kitambaa cha kanisa alicheka mpaka akaomba maji. Mimi niliangalia sakafu. Alipomaliza kungoja, mzee akasema kwa upole, "Tuliambiwa nyumba hii haina baba. Kijana wetu ametueleza hivyo, na ndivyo tulivyojua mpaka leo asubuhi. Sasa tunataka kumwuliza binti kama anatujua. Lakini tunaogopa kumwuliza kabla baba yake hajasema."

Nilijua Kwamboka anasikia, jikoni na sebuleni kunatenganishwa na ukuta wa mabati tu. Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yalikuwa yameshaharibika, kwa hiyo nikasimama nikasema yaliyobaki. Nikasema, niliyosema kule mlimani ni kweli, naogopa nyumba itakuwa kimya. Lakini sikuwabeba hawa watoto juu ya ndizi miaka yote ile ili wanikalie nyumbani kama walinzi. Kimya kikija ni changu mimi, nitajifunza kukaa nacho, kama nilivyojifunza kupika, kusuka nywele na kubeba ndizi. Nikasema, dada yangu akiwakataa awakatae kwa sababu hawapendi, asiwakatae kwa sababu yangu, maana hapo nitakuwa nimemgonga mimi mwenyewe kutoka nyuma. Nikakaa.

Nje, mtu alimpeleka jogoo kuchinjwa.

Kwamboka akaingia na sketi yake ile ile ya chai, macho mekundu, maganda ya ndizi mkononi. Shangazi akamwuliza kama desturi ilivyo (binti akisema ndiyo, amekubali), "Unawajua hawa wageni?"

Akawaangalia mmoja mmoja. Akachukua muda, mpaka yule kijana wa Ogembo akaanza kujifuta jasho. Kisha akanigeukia mimi.

"Nawajua," akasema. "Huyu mwimbaji ndiye simjui."

Shangazi ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Sasa yupo Ogembo, ana darasa lake huko, na nyumba iko kimya kama nilivyosema itakuwa, sikukosea hata kidogo. Jioni ninapika, ninakula upande wangu wa meza, mara nyingine naongea kwa sauti kidogo ili kuta zisisahau. Kamera ya nyuma bado naitumia, maana malori hayajapungua, ila Momanyi alitoa ile laini akaweka nyingine, na sasa nanawa mikono kabla ya kuibonyeza. Esimbore nimeiachia Desemba. Na neno likinikaa moyoni juu ya mtu, nimeapa sitalipeleka mlimani tena, nitamwambia mwenyewe jikoni, hata kama ana kisu na anamenya ndizi.